Je, wajua kwa nini mtu mzima anapata rafiki kijiweni haraka kuliko ofisini?

Umehamia Dodoma kikazi, una miaka thelathini na kitu, kazini unasalimiana na watu kibao, simu imejaa namba, afu Jumamosi jioni unataka mtu wa kukaa naye tu mpige stori zisizo za kazi, unashuka na majina toka A mpaka Z na humpati wa kumpigia. Hiyo hali iko sana hapa mjini toka serikali ianze kuhamia kweli kweli baada ya 2016, watu wameletwa na barua ya uhamisho, ndugu wako Dar, marafiki wa chuo wako Dar, wao wapo Ilazo na Nzuguni wanaangalia ukuta.

Sasa kwa nini zamani ilikuwa rahisi? Kwa sababu masaa ya kuwa pamoja yalikuja bure. Form five hukutafuta rafiki, ulipangiwa kitanda cha juu na jamaa wa chini akawa ndugu yako mpaka leo.

Kuna mtafiti wa Marekani, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, 2018 alitoa utafiti kuhusu hayo masaa. Aliwauliza watu wazima waliokuwa wamehamia sehemu mpya ndani ya miezi sita, yaani kama wana-Dodoma kabisa, akafuatilia na wanafunzi wapya wa chuo. Akakuta mtu unayefahamiana naye tu anahitaji kama masaa 50 ya kuwa pamoja mpaka awe rafiki wa kawaida, kama 90 mpaka awe rafiki hasa, na yule wa kumwambia mambo yako ya ndani ni zaidi ya 200. Na hapa ndo penyewe: masaa ya kazini yalisaidia kidogo sana. Mnaweza kukaa meza moja kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, miaka mitatu mkaishia kuitana "mheshimiwa", maana pale hakuna aliyemchagua mwenzake, na kila mtu anachunga mdomo, huwezi kujua nani atapanda cheo kesho akawa bosi wako.

Kijiwe kinafanya kazi tofauti. Chukua kile cha kahawa, birika liko kwenye mkaa, vikombe vidogo vinasuuzwa kwenye ndoo, kashata kwenye sahani, benchi mbili zinatazamana. Hakuna anayekuja kusema "naomba tuwe marafiki", mtu mzima akikwambia hivyo unashika pochi yako. Wanakuja kubishana, penalti ya jana ya Yanga ilikuwa halali au lah, bei ya zabibu kwa nini mkulima haimfikii, na kwenye huo ubishi unamsoma mtu bila yeye kujua anasomwa. Nani akishindwa hoja anacheka, nani ananuna, nani akizidiwa anaanza kuleta kabila la mtu. Mimi naona hii ndo faida kubwa kuliko mada yenyewe, ofisini ungehitaji miaka kuyaona hayo.

Na usipokuwa muongeaji usiogope. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, Moreland na Beach, waliwatuma wanawake wanne wakae kwenye darasa la chuo bila kuongea na mtu, mmoja hakuingia kabisa, wengine waliingia mara 5, 10 na 15. Mwisho wa muhula wanafunzi wakaonyeshwa picha zao, na yule aliyeonekana zaidi ndiye aliyependwa zaidi, japo hakumsalimia yeyote. Kwa hiyo kuonekana tu palepale, siku ileile, tayari kunafanya kazi.

Dada zangu mtasema kijiwe cha kahawa ni cha wanaume, na kweli kwa sehemu kubwa ndivyo kilivyo, ila kikoba, kwaya na jumuiya ndogo ndogo zina mashine ileile ndani: sura zilezile, kila wiki, na kuna jambo la kuongelea. Kikoba ambacho watu wanatoa hela, wanasaini daftari wanakimbia hakikupi kitu. Masaa yanahesabika pale mnapobaki baada ya daftari kufungwa.

Ukitaka kuanzisha cha kwenu, angalia idadi kwanza. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Robin Dunbar, na wenzake waliona stori moja ikizidi watu kama wanne inajigawa, zinakuwa stori mbili. Kwa hiyo sita mpaka nane panatosha, hapo mna stori mbili tu, ishirini ni mkutano wa mtaa, mtahitaji mwenyekiti.

Shida ya Dodoma iko kwenye siku. Tangu treni ya SGR ianze 2024, Ijumaa jioni mji unapungua, watu na mabegi wanaelekea Dar, wanarudi Jumapili usiku au Jumatatu alfajiri, kwa hiyo kikundi cha Jumamosi kinawakosa walewale wenye upweke zaidi. Wekeni Jumanne au Jumatano, saa kumi na mbili jioni, masaa mawili. Piga hesabu, masaa mawili kwa wiki ni wiki 25 kufika ile 50, karibu nusu mwaka, na wengi wanaacha wiki ya nne wanasema "watu wa hapa wagumu". Na zile 200 benchi peke yake itakuchosha, ni karibu miaka miwili. Zinafupishwa na mambo ya nje ya kikundi: kumsaidia mtu kuhama nyumba, kukaa msibani kwake mpaka usiku, kwenda naye Majengo sokoni wakati hununui kitu.