Shikamoo Kabla ya Kufunua Shuka

Mzee wa kitanda cha dirishani aliletwa wodini kwetu baada ya kuanguka kutoka juu ya mwembe. Uti wa mgongo ulikuwa umejeruhiwa sehemu ya juu, na kuanzia kifuani kwenda chini hakuhisi chochote. Alikaa nasi miezi mitano. Kwa umri, angeweza kumzaa muuguzi yeyote aliyekuwa akimhudumia, na kila asubuhi binti wa miaka ishirini na kitu alilazimika kumfunua, kumsafisha na kumbadilishia shuka. Wiki za mwanzo mzee alifumba macho tangu tunaanza hadi tunamaliza. Hakuwa amelala.

Aliyemfungua macho ni muuguzi mmoja kijana ambaye hakuanza kwa kugusa shuka. Alisimama upande ambao mzee angemwona bila kugeuza shingo, akasema, "Shikamoo, baba." Akasubiri. Ilipokuja "marahaba, mwanangu," ndipo akaeleza: "Nimekuja kukusafisha, halafu nikugeuze ubavu wa kushoto. Nianze sasa, au nikupe nafasi kidogo?" Siku moja mzee akasema ampe nafasi. Akampa kweli, akarudi baada ya dakika kumi. Tangu siku hiyo mzee akaanza kuongea nasi.

Nimefanya kazi miaka mingi katika wodi ya mifupa na majeraha ya uti wa mgongo kwenye hospitali ya rufaa. Haya nayaandika kwa ndugu wanaouguza na kwa wauguzi wanaoanza kazi. Watu husema muuguzi fulani ana huruma wakimaanisha sauti yake ni ya upole. Upole ni mzuri. Lakini mgonjwa anayelala kitandani miezi mitatu au sita huijua huruma kwa saa: nani alikuja saa nane usiku kumgeuza kama ilivyoandikwa kwenye chati, na nani hakuja.

Nieleze kwa nini saa hizo zina uzito. Mtu mwenye afya akilala hujigeuza mara nyingi bila kujua, kwa sababu mwili unampa taarifa kwamba sehemu fulani imebanwa. Mwenye jeraha la uti wa mgongo hapati taarifa hiyo. Nyama iliyo kati ya mfupa na godoro hugandamizwa, mishipa midogo ya damu hujifunga, na sehemu hiyo hukosa damu. Saa chache tu zinatosha kuanzisha uharibifu ambao utatokeza nje baadaye kama kidonda. Mahali pa kuangalia ni pale mfupa ulipo karibu na ngozi: juu kidogo ya makalio, visigino, nyonga, viwiko na kisogo. Ndiyo maana tunageuza kila baada ya saa 2, mchana na usiku, isipokuwa daktari na muuguzi wamekubaliana muda mwingine kulingana na godoro na hali ya mgonjwa.

Utaratibu huu una historia yake. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, watu wengi waliopata majeraha haya walikufa mapema kwa vidonda vilivyooza na maambukizi ya mkojo, na madaktari wengi waliona hakuna la kufanya. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua kitengo cha wagonjwa hao. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na mkojo usimamiwe kwa usafi. Wagonjwa wakaanza kuishi. Julai 1948, siku yalipofunguliwa mashindano ya Olimpiki London, wagonjwa 16 walishindana kurusha mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mashindano ya Paralimpiki tunayoyajua leo yamechipuka hapo. Huwasimulia wauguzi wapya habari hii kwa sababu kazi kubwa ya kuwafikisha watu wale uwanjani ilikuwa ya mikono iliyogeuza na kusafisha.

Sasa tuje kwenye ngozi yetu. Vitabu vingi vinasema dalili ya kwanza ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na nimewaona ndugu, hata wauguzi, wakisema "hapa pako sawa" wakati kidonda kimeshaanza ndani. Tafuta mwanga wa kutosha. Angalia kama sehemu moja imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko ngozi ya jirani. Weka mgongo wa kiganja chako: je, pana joto au pamepoa kuliko pembeni? Bonyeza taratibu: je, pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tunda lililoiva kupita kiasi? Ukikuta lolote kati ya hayo, mgonjwa asilalie upande huo, na umwite muuguzi saa hiyo hiyo. Usipasugue. Kusugua kwa mafuta au spiriti, jambo ambalo familia nyingi hulifanya kwa mapenzi, huzidi kuumiza nyama ambayo tayari imekosa damu. Glovu zilizojazwa maji tulizokuwa tukiweka chini ya visigino nazo tumeziacha, maana kisigino bado kinagandamizwa. Weka mto au blanketi lililokunjwa chini ya shavu la mguu, kisigino kielee hewani, upitishe mkono chini yake bila kugusa.

Kugeuza kwenyewe kuna kanuni. Mgongo ambao haujaimarika hugeuzwa kama gogo, kichwa, mabega na nyonga kwa pamoja, na watu watatu au wanne wakifuata sauti ya mmoja. Ndugu asijaribu peke yake hata kama mgonjwa anamwomba. Baadaye, daktari akisharuhusu, mgonjwa hulazwa ubavu kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, mto mgongoni na mwingine kati ya magoti, ili nyonga isibebe uzito wote. Usimburute juu ya shuka. Mnyanyue.

Niseme jambo ambalo bado linaniuma. Miaka ya nyuma, mahali nilipofanya kazi kabla ya hapa, usiku mmoja tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima, na mgonjwa mmoja akazidiwa. Tulipambana naye hadi alfajiri. Kijana wa kitanda cha tatu hakugeuzwa tangu saa nne usiku. Asubuhi palionekana alama nyeusi kidogo juu ya makalio yake, upana wa kifuniko cha chupa ya soda. Baada ya wiki mbili ilikuwa shimo linaloonyesha mfupa, na ilichukua miezi kufunga. Kijana yule hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Idadi ya wauguzi kwenye zamu ya usiku ni suala la ngozi na mifupa ya watu. Nitalisema kwenye kila kikao nitakachoitwa.

Mkojo nao unahitaji jicho. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, na mpira unaotoa mkojo kibofuni ufungwe pajani usivutike. Siku moja mzee wetu wa dirishani alisema, "Mwanangu, kichwa kinanipasuka." Alikuwa anatoka jasho usoni, uso umemwiva, na shinikizo la damu limepanda mno. Mtu asiyejua angempa panadoli na kuondoka. Muuguzi alimwinua akae, akafuata mpira wa mkojo kwa vidole kuanzia pajani, akakuta umekunjwa chini ya goti. Alipounyoosha, mkojo ukamiminika, na baada ya dakika chache kichwa kikatulia. Kwa mwenye jeraha la sehemu ya juu ya mgongo, kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha shinikizo la damu hadi kumwua, ingawa mwenyewe hahisi kibofu chochote. Familia yoyote yenye mgonjwa wa namna hii ijue: maumivu makali ya kichwa ya ghafla na jasho, mkalishe wima, legeza nguo zinazobana, angalia mpira, ita msaada.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi. Kidonda hakifungi kwa uji mweupe. Leteni mayai, maharage, dagaa, samaki, maziwa, na matunda, na maji ya kunywa yasikatike.

Kuna wakati ambao sisi wa wodini tunauogopa kuliko wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza ndugu hujaa hadi mlinzi anawapangia zamu. Ikifika wiki ya sita au ya nane, saa ya kuona wagonjwa inapita na kitanda hakina mtu. Nauli imekwisha, shamba linasubiri, watoto wana ada. Silaumu, nimeona watu wakiuza ng'ombe na kiwanja. Lakini hapo ndipo mgonjwa huanza kugeukia ukutani, kurudisha chakula, kuniambia "msijisumbue na mimi." Kumwambia "vumilia, Mungu yupo" na kuondoka hakumsaidii. Vuta kiti ukae, macho yenu yawe usawa mmoja, umuulize wazi kama anafikiria kufa. Swali hilo halimtii wazo kichwani; mara nyingi anapumua kwa mara ya kwanza kwa sababu kuna mtu ameuliza. Kisha mwite daktari na ofisa ustawi wa jamii. Na ninyi wa nyumbani, kama hamwezi kuja, pigeni simu saa ileile kila siku, hata dakika tatu. Mwulizeni ushauri wa mambo ya nyumbani: mbegu ipi ipandwe, mtoto apelekwe shule gani. Bado ni baba wa nyumba hiyo.

Vijana, wengi wao walioumia kwa bodaboda, huuliza swali lao usiku, wenzao wakishalala: "Sista, nitaweza kuwa na mke?" Usicheke wala usikwepe. Mwambie kwamba inategemea jeraha lake, kwamba wapo wenye majeraha kama hayo walio na ndoa na watoto, na kwamba utamkutanisha na daktari wa kumweleza vizuri. Halafu timiza.

Kabla ya kuruhusiwa, tunawafundisha watu wawili wa familia, asiwe mmoja, kwa sababu mmoja huchoka au huugua. Wageuze mbele yetu, wasafishe mbele yetu, wakosee mbele yetu. Mgonjwa mwenyewe tunamfundisha kujinyanyua kwenye kiti cha magurudumu kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kujikagua ngozi asubuhi na jioni.

Mzee wa dirishani aliondoka na kioo kidogo cha mkono, kile cha saluni, alichonunuliwa na mwanawe. Asubuhi ya mwisho yule muuguzi alimkuta amekwisha lazwa ubavu na mkewe, amekishika kioo nyuma ya mgongo, anakizungusha akitafuta mwanga wa dirisha. "Shikamoo, baba," akasema. Mzee hakugeuka. "Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza, sijamaliza kuangalia."