Wiki nane na nyota moja

Programu za wanafunzi kufanya utafiti wakati wa likizo ndefu, wenzetu wa Ulaya na Marekani huziita programu za kiangazi, kwa sababu kwao kuanzia Juni hadi Agosti jua huwaka na vyuo hufungwa. Huku Nairobi miezi hiyo ni kipupwe. Julai ndipo baridi inapouma hasa. Mawingu hutanda tangu alfajiri, mengine yasiondoke hadi jioni, na wanafunzi huingia maabara wamevaa sweta na koti juu yake. Kwa kutazama nyota kutoka mjini, sijui msimu mbaya kuliko huo. Na ndio msimu ninaowakusanya vijana sita wa shahada ya kwanza, wakati wa likizo ndefu, nikawaambia kwamba kwa wiki nane zijazo watafanya utafiti wa falaki.

Wazazi huniuliza: utafiti gani, na nyota zenyewe hazionekani? Ni swali la haki, na linastahili jibu refu.

Darubini tunayoitegemea zaidi haiko Kenya wala duniani. Inaitwa TESS, setilaiti ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyorushwa Aprili 2018. Ina kamera nne, na kila kipande cha anga hukikodolea macho kwa siku 27 hivi kabla ya kuhamia kingine. Baadhi ya nyota hupimwa mwangaza wake kila baada ya dakika 2, usiku na mchana, maana huko juu hakuna mawingu. Vipimo hivyo huwekwa kwenye hifadhi iliyo wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi aliyeketi Nairobi hupata data ileile anayoipata mwenzake wa Boston, bila kulipa chochote isipokuwa bando.

Kwa hiyo kinachotupungukia si data. Kinachotupungukia ni mtu wa kukaa na kijana siku baada ya siku, amwonyeshe namna ya kuuliza swali dogo na kulishikilia hadi mwisho. Darasani hajawahi kufanya hivyo. Darasani swali huja na jibu lake tayari limefungiwa kwenye droo ya mwalimu. Huku mimi mwenyewe silijui jibu, na siku mwanafunzi anapotambua kwamba kweli silijui, uso wake hubadilika.

Mwaka wa kwanza nilifanya kosa. Niliwapa swali kubwa, kuhusu namna galaksi zinavyokua zikiwa pamoja na majirani zake. Walisoma makala kwa wiki tano na hawakupima kitu hata kimoja. Tangu hapo kila mwanafunzi hupewa nyota moja, yake peke yake, na swali moja: je, mwangaza wa nyota hii unabadilika, na kama unabadilika, ni kwa nini?

Wiki ya kwanza ni ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na kuzoea data, na sitakaa sana hapo, kwa kuwa vijana hawa hujifunza kompyuta haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Nitaje tu pengo. Katikati ya kila grafu ya TESS kuna nafasi tupu, kwa sababu setilaiti huzunguka Dunia kila baada ya siku 13.7, na inapoikaribia huacha kupima kwa muda ili iutume mzigo wake chini. Karibu kila mwaka kuna anayelichukulia pengo lile kama jambo lililoipata nyota. Simkosoi mara moja. Namwambia aangalie kama nyota ya jirani yake nayo ina pengo saa ileile.

Kazi yenyewe huanza wiki ya pili. Mwaka jana, binti mmoja wa mwaka wa tatu alinikuta kwenye ngazi, laptopu imefunguliwa mikononi.

"Daktari, shikamoo. Nimepata sayari."

Grafu yake ilikuwa safi kweli. Mstari wa vidoti umelala sawasawa, kisha ghafla unazama kidogo, unakaa chini kwa muda, unapanda tena. Kila baada ya siku 1.9 hivi, kuzama kulekule. Kina chake kilikuwa asilimia 1.

Asilimia 1 si namba ya ovyo. Sayari ikipita mbele ya nyota yake huziba sehemu ya uso wake, na kiasi kinachozibwa hutokana na ukubwa wa sayari ukilinganishwa na wa nyota: gawanya nusu-kipenyo cha sayari kwa cha nyota, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Mshtarii, kwa upana, ni kama sehemu moja ya kumi ya Jua. Moja ya kumi mara moja ya kumi ni moja ya mia. Kwa hiyo mtu wa mbali akiuona Mshtarii ukipita mbele ya Jua letu, ataona mwanga umepungua kwa asilimia 1. Dunia ingepunguza chini ya asilimia 0.01. Yule binti alikuwa ameshapiga hesabu hiyo usiku, na alikuwa anatetemeka, nadhani si kwa baridi.

Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimwomba kitu kimoja: achukue kuzama kwa kwanza, kwa tatu na kwa tano, akuchore kwa wino wa buluu, kisha kwa pili, kwa nne na kwa sita, akuchore kwa wino mwekundu juu ya karatasi ileile.

Alirudi kesho yake asubuhi, kimya. Vidoti vya buluu vilizama asilimia 1. Vyekundu vilizama asilimia 0.8. Sayari ni ileile na nyota ni ileile, sasa itazibaje sehemu kubwa zamu hii na ndogo zamu ijayo, tena kwa kupokezana? Haiwezekani. Lakini nyota mbili zinazozungukana zinaweza. Ya kwanza ikipita mbele ya ya pili, mwanga hupungua; nusu ya mzunguko baadaye ya pili inapita mbele ya ya kwanza, mwanga hupungua tena, ila kwa kiasi tofauti, kwa kuwa nyota hizo hazilingani kwa joto. Basi mzunguko wenyewe haukuwa siku 1.9. Ulikuwa siku 3.8, na ndani yake kuna kupatwa mara mbili.

Likabaki fumbo. Nyota mbili zikizibana, kwa kawaida mwanga hupungua sana, si kwa asilimia 1. Hapo ndipo wiki tatu zilipoishia.

Kamera za TESS zinaona eneo pana mno, na gharama yake ni kwamba pikseli zake, yaani vipande vidogo vinavyounda picha, ni kubwa. Pikseli moja ina upana wa sekunde 21 za pembe (sekunde ya pembe ni digrii moja ikigawanywa kwa 3,600). Mwezi mpevu ukiupanga kwa pikseli hizo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine zitaingia kama 85 tu. Nyota mbili zinazotenganishwa vizuri na darubini ya kawaida ya ardhini, kwa TESS humwaga mwanga wao kwenye kapu moja. Nilimweleza kwa shilingi. Sema kapu lina shilingi mia. Nyota yako imeweka 98, jirani asiyeonekana ameweka 2. Yule jirani akipatwa na kupoteza nusu ya mwanga wake, kapu linabaki na 99. Wewe unayehesabu kapu zima utasema nyota yangu imepungua asilimia 1. Nyota yako haikuguswa hata kidogo.

Alichora grafu ya kila pikseli peke yake, moja moja, kwa mkono kwanza kisha kwa programu. Kuzama kulikuwa kwa kina zaidi ukingoni, mbali na nyota yake. Alipofungua orodha ya nyota ya Gaia, setilaiti ya Ulaya, akamkuta jirani hafifu palepale ukingoni, kama pikseli moja na nusu kutoka katikati.

Alihuzunika, na siwezi kumlaumu. Kwa muda mfupi alikuwa na sayari. Lakini nilimwambia, na namaanisha, kwamba alichokifanya ni kigumu kuliko kupata sayari. Mtu yeyote anaweza kuona kuzama kwenye grafu. Kujua kuzama huko ni kwa nani, na kuweza kumthibitishia mtu mwingine, ndio utafiti. Kundi kubwa la wanaoonekana kama sayari kwenye data za namna hii huishia kuwa nyota pacha zilizojificha, na kila anayezichambua huwaokolea wenye darubini kubwa usiku mzima wa kazi.

Wiki ya tano huwa nasimamisha laptopu zote na kuzungumzia Malindi. Wengi wao hawajui kwamba setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya falaki ya eksirei, yaani kupima miale ya X itokayo angani, ilirushwa kutoka pwani yetu, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina Uhuru. Neno letu, lilivyo, limo kwenye vitabu vya falaki vya dunia nzima. Katika kundi la Kantarusi setilaiti hiyo ilikuta chanzo cha eksirei kinachopiga kama mshipa kila baada ya sekunde 4.8, na kila baada ya siku 2.1 hivi kinapotea, kisha kinarudi. Kinapotea kwa sababu kina mwenzake, nyota kubwa, na kinapita nyuma yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa mchango wake katika fani hiyo. Naiweka grafu ya chanzo kile ubaoni, kando ya grafu ya binti yule. Zote mbili zinazama, na zote mbili zilimlazimisha mtu aulize nani amepita mbele ya nani. Huwa sisemi zaidi ya hapo.

Usiku mmoja tunatoka mjini. Tunateremka bondeni hadi Magadi, ambako joto na ukavu huzuia yale mawingu ya Nairobi, na tunachagua siku ambayo mwezi umefichama. Ninaona aibu kidogo kusema kwamba wapo wanafunzi wa mwaka wa tatu wa fizikia ambao hawajawahi kuuona ukanda wa Njia ya Maziwa, kama wengine wanavyouita, yaani galaksi yetu wenyewe, ukiwa umevuka anga nzima. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza siwafundishi chochote. Baadaye nawapa kazi ya macho matupu: Eta Aquilae, nyota iliyo katika kundi la Tai, ambayo kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta hupita karibu na utosi. Hubadilika kwa mzunguko wa siku 7.2, hupanda upesi na kushuka polepole. Inapong'aa hukaribia Delta Aquilae, inapofifia hulingana na Iota. Huhitaji kifaa. Unalinganisha na majirani, unaandika namba na saa, na usiku mwingine wowote mawingu yakikupa nafasi hata ya dakika kumi, unarudia ukiwa kwenu Umoja au Kasarani, juu ya paa. Mwangalizi wa Kiingereza, Edward Pigott, alilitambua badiliko hilo mwaka 1784 kwa njia hiyohiyo.

Wiki mbili za mwisho ni za kuandika, na hapo ndipo machozi hutoka. Kila namba lazima iwe na kiwango chake cha makosa. Nikiona "siku 3.8" pasipo kiwango hicho, nairudisha karatasi bila kuisoma zaidi. Wengine huniona mkali. Lakini namba isiyosema inaweza kukosea kwa kiasi gani haimsaidii mtu atakayekuja baada yako, kwa kuwa hataweza kuitumia kutabiri.

Wanaouliza kuhusu programu za nje niwajibu hapa, maana barua ni nyingi. Zile za Marekani zinazoitwa REU, za utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazolipiwa na NSF, wakfu wa taifa wa sayansi wa huko, kwa kawaida huchukua kama wiki kumi na zina posho nzuri, ila fedha zake ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Usipoteze Januari yako yote kuomba huko. Tazama ile ya Leiden, Uholanzi, iitwayo LEAPS, inayopokea wanafunzi wa kutoka nje. Tazama pia mafunzo ya falaki ya redio ya DARA, yaliyoanzishwa kwa ajili ya nchi za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika SKA, mradi wa darubini kubwa ya redio, na Kenya ni mojawapo. Na unapomwomba mwalimu barua ya mapendekezo, mpe wiki tatu, na umpelekee kitu ulichokipima mwenyewe. Barua inayosema "alipata A" nimeiandika mara nyingi, na sidhani imemsaidia mtu.

Yule binti sasa yuko mwaka wa nne. Kabla ya kuondoka aliandika, kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti yake, tarehe na saa ambayo jirani yule angepatwa TESS itakaporudi kwenye kipande kile cha anga, na kando yake kiwango cha makosa: dakika 11. Data mpya ilipotoka hakunisubiri. Alinitumia ujumbe saa tano usiku, grafu tu na mstari mmoja wa maneno chini yake. Kupatwa kumetokea. Alikuwa amekosea kwa dakika nne.