Damu baada ya hedhi kukoma: ovari nayo itazamwe

Mama wa miaka hamsini na kitu, hedhi imekoma kitambo, anaanza kutokwa damu tena. Kila mtu hufikiria mji wa mimba kwanza, na ni haki. Kazi yangu ni kusoma vinyama kwa hadubini. Nikikuta utando wa ndani wa mji wa mimba wa mama huyo umenenepa kwa kuchochewa na estrojeni, homoni ya kike, huuliza: estrojeni hii inatoka wapi, ilhali ovari zake zimeshapumzika? Mafuta ya mwili huitengeneza kiasi, dawa za homoni nazo huiongeza. Yakiondolewa hayo, naomba ovari zipigwe ultrasaundi.

Ninachokitafuta ni uvimbe wa seli za granulosa. Hizi ndizo seli zinazolizunguka yai na kutengeneza estrojeni, na hata zikigeuka uvimbe nyingi haziachi kazi hiyo. Uko mwingine wa aina hii unaowapata watoto na vijana: binti mdogo anaota matiti na kutoka damu kabla ya wakati. Tafadhali, mtoto huyo asichukuliwe kwamba amewahi kukua tu. Apimwe.

Uvimbe huu ni nadra, kama asilimia 2 hadi 5 ya saratani za ovari. Saratani zile za kawaida, zinazoanzia kwenye seli za epithelia (seli za utando wa juu), hujificha mpaka tumbo linajaa maji. Huu hujitangaza kwa homoni, hivyo mara nyingi hukutwa ungali kwenye ovari moja. Wakati mwingine hupasuka, damu ikamwagika tumboni, na mgonjwa akapelekwa chumba cha upasuaji kwa dharura.

Nikiukata mezani naona nyama ya manjano iliyochanganyika na vifuko vya damu. Kwenye hadubini, viini vya seli vina mfuo katikati, kama punje ya kahawa, na hapa na pale seli zimekizunguka kijishimo chenye majimaji ya waridi. Vijishimo hivyo vina majina ya Emma Call, daktari wa kike kutoka Marekani, na Sigmund Exner wa Vienna, walioviandika mwaka 1875 wakichunguza ovari za sungura. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba karibu vimbe zote za aina ya watu wazima zina badiliko lilelile moja kwenye jeni ya FOXL2. Kwangu hilo ni msaada mkubwa, kwa sababu zipo saratani nyingine zinazofanana nao sana, na tiba zake ni tofauti.

Ukiondolewa mapema, wengi hupona. Lakini una tabia ya kurudi baada ya miaka 10, hata 20, wakati mama ameshasahau na daktari wake ameshahama. Tunza nakala ya majibu yako ya patholojia, na kila daktari mpya umwonyeshe. Kipimo cha damu cha inhibini, homoni inayotengenezwa na seli hizi za granulosa, husaidia kufuatilia.

Kwa wapasuaji wenzangu nina ombi. Fomu iliyoandikwa “uvimbe wa ovari” pekee hainitoshi. Andika umri, andika kama alitoka damu, na zaidi ya yote andika kama ganda lilipasuka, na lini: kabla hujaufikia au mkononi mwako. Katika kupanga hatua za saratani, uvimbe mzima ndani ya ovari moja ni hatua ya IA, ya mwanzo kabisa, uliopasuka ni IC, na nikiletewa umeshachanika siwezi kujua ulichanika lini.