Je, wajua kwa nini kilo hurudi hata kwa mtu aliyekaza moyo?

Mtu anapunguza kilo 8 kwa miezi mitano, na mwaka unaofuata amerudisha 6. Watu husema amelegea. Naye hujilaumu vilevile: hamasa imeisha.

Maelezo hayo yamezoeleka, lakini mara nyingi yanageuza mambo kichwa chini miguu juu. Huwa haianzi hamasa kuisha ndipo njaa ishinde. Njaa hutangulia kupanda, polepole, bila kubisha hodi, na hamasa huchoka kwa kuibeba.

Kulithibitisha hili si rahisi, kwa kuwa kila anayebana mlo anajua kwamba anaubana. Dawa moja ya kisukari ndiyo iliyofungua njia. Kwa kawaida figo huchuja sukari kutoka kwenye damu, kisha huirudisha. Dawa hiyo, canagliflozin, huzuia urudishaji huo, hivyo sukari hutoka na mkojo, kiasi cha kalori 360 hivi kwa siku. Mtumiaji hahisi chochote kikipotea.

Mwaka 2016, watafiti David Polidori, Kevin Hall na wenzao walichapisha uchambuzi wa jaribio la mwaka mzima ambamo watu 153 walitumia dawa hiyo na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Kama hesabu ingekuwa ya kutoa tu, uzito ungeendelea kushuka kwa muda mrefu. Haukuendelea. Ulisimama baada ya kilo 4 hivi, kwa sababu watu hawa walikuwa wanakula zaidi: takriban kalori 100 za ziada kwa siku kwa kila kilo iliyoondoka. Mwili nao hupunguza matumizi yake ya nishati, lakini kwa kalori 20 hadi 30 tu kwa kila kilo. Yaani hamu ya kula ina nguvu zaidi ya mara tatu kuliko ule “mwili kuchoma polepole” unaolaumiwa kila siku. Na hawa hawakuwa wamechoka kujinyima, kwa maana kupungua kwao hakukutokana na kujinyima.

Tahadhari inahitajika hapa. Washiriki walikuwa na kisukari cha aina ya pili, walipungua kidogo, na ulaji wao ulikokotolewa kutokana na mabadiliko ya uzito, haukupimwa sahani kwa sahani. Aliyepunguza kilo 30 asizidishe 100 kwa 30 akadhani amepata jibu.

Ili kuelewa kinachotokea, fikiria tangi la maji lenye boya. Maji yakishuka, boya hushuka, valvu hufunguka na maji huingia. Boya halijui kama bomba limepasuka au mwenye nyumba ameamua mwenyewe kupunguza maji. Linachojua ni kina. Mwilini, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na leptini, homoni ya seli za mafuta iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo huisoma hali hiyo kama dalili ya ukame. Nia yako njema haimo kwenye ujumbe huo.

Na valvu ikifunguka, si lazima tumbo lingurume. Ni mwiko mmoja zaidi unaoingia sahanini bila kufikiriwa, ni mkono unaorudi kwenye sufuria wakati wa kuifunika, ni shibe inayochelewa dakika chache. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, kwa hiyo pengo zima linaweza kuzibwa na vijiko vichache ambavyo hakuna atakayevikumbuka jioni. Wala boya halitulii upesi: katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011, watu waliopunguza kilo 13 hivi walikuwa bado na homoni za njaa zilizobadilika mwaka mmoja baadaye.

Wakati huohuo malipo yanapungua. Wiki ya kwanza mizani hufurahisha, kwa sababu kila gramu ya wanga uliohifadhiwa mwilini hutunzwa pamoja na gramu 3 hivi za maji, na akiba hiyo ikitumika, maji nayo huondoka. Baadaye kasi hushuka. Kisha inakuja kazi ya kutunza uzito, ambayo zawadi yake ni namba ileile kila asubuhi huku njaa ikiwa juu. Hamasa gani isingechoka?

Kwa hiyo hamasa ya mwanzo itumike kupanga mambo yatakayosimama bila hiyo. Amua mapema kwa sentensi yenye saa na mahali: “Nikimaliza kupakua, nafunika sufuria na kuiondoa mezani.” Pima mafuta kwa kijiko, usiyamimine kutoka kwenye chupa. Protini ya gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku husaidia shibe (mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza). Na usijipe siku 21 za kuzoea: katika utafiti wa London wa mwaka 2010, tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66, na tofauti kati ya watu ilikuwa kutoka 18 hadi 254.

Mizani nayo ibadilishiwe kazi. Jipime asubuhi, baada ya choo na kabla ya kula, kisha ufuate wastani wa siku 7. Chumvi na maji peke yake huweza kusogeza namba kwa kilo nzima usiku mmoja. Weka mpaka, kwa mfano kilo 2 juu ya uzito unaoutunza. Wastani ukiuvuka wiki mbili mfululizo, andika kila unachokula kwa siku 14, pamoja na vya kuonja jikoni. Hapo ndipo vile vijiko huonekana. Aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji asijipime kila siku. Afuatiliwe na mtaalamu.