Je, wajua kwa nini hedhi inahama tarehe kila mwezi?

Wanawake wengi hapa Mombasa tumezoea kuhesabu siku za hedhi, Ramadhani ikiisha tu kila mmoja anajua ana deni la saumu ngapi za kulipa. Lakini muulize mtu mzunguko wake ni wa siku ngapi, atakwambia "mimi huingia tarehe tano", basi. Sasa mwezi ambao tarehe tano imepita kimya roho inakuwa juu juu, mbio hadi duka la dawa kutafuta kipimo cha mimba.

Mzunguko hauhesabiwi kwa tarehe dadangu, unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza damu inatoka vizuri (vile vitone vya kuchafua tu usivihesabu) mpaka siku moja kabla ya damu nyingine. Chukua mtu wa siku 28, ameanza tarehe 5 Januari, atarudi 2 Februari, na Februari ikiwa ya siku 28 ataingia tena 2 Machi, alafu 30 Machi. Yani Machi ameingia mara mbili na yuko sawa kabisa!

Na si lazima iwe 28. Kwa mtu mzima siku 21 hadi 35 ni kawaida, wasichana wanaoanza yaweza kufika hata 45. Ikicheza siku mbili tatu pia usiogope, mara nyingi kilichochelewa ni yai. Yai likishatoka damu hufuata baada ya wiki mbili hivi, hapo hapabadiliki sana, ila kabla halijatoka homa, mawazo, mitihani, safari ndefu, vyote vyaweza kulichelewesha na damu nayo inasogea mbele.

Kuanza ni rahisi, ile kalenda ya ukutani ya kupewa dukani inatosha, piga duara siku ya kwanza na uandike kando damu ni nyingi ama kidogo, tumbo limeuma vipi. Nyumba ikiwa na watu wengi weka kwenye simu. Ila kama uko kwa sindano ya uzazi wa mpango ama umemeza P2 (kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) mwezi huo, hesabu hiyo usiitegemee.

Na tafadhali usizuie mimba kwa kalenda peke yake, mbegu za mwanamume zaweza kukaa hai mwilini hadi siku 5 zikingoja yai. Damu ikizidi siku 8, ama unabadilisha pedi kila saa, ama miezi mitatu kimya na huna mimba, nenda hospitali na ubebe hiyo kalenda, maana lazima utaulizwa uliingia lini mara ya mwisho.