Mti wa amla kukataa chavua yake: maana yake nini?

Mtu ana mti wa amla nyumbani, umefikisha miaka 7, unachanua mpaka nyuki wanajaa, lakini tunda halioni. Akiuliza, ataambiwa mti wake ni dume, aukate apande mwingine. Naomba asiukate. Maelezo hayo yanaufaa mpapai, ambao kweli una miti dume na miti jike. Mwamla hauko hivyo.

Amla wengi wetu tumeijua kwanza kwenye chupa ya mafuta ya nywele, kisha kwenye achari. Tunda lenyewe ni la mviringo, la kijani kinachoelekea manjano, na ngozi yake ina mistari 6 iliyofifia inayoshuka kutoka juu hadi chini. Ukiliuma ni chachu na linakaza ulimi. Kunywa maji baada yake, utayaona maji yamekuwa matamu. Nchini India, wilaya ya Pratapgarh katika jimbo la Uttar Pradesh inasifika kwa zao hili, na huko kaskazini ndiko zilikotoka aina zinazotajwa sana: Banarasi, Chakaiya, Francis, Kanchan, Krishna, NA-7.

Sasa chukua kitawi kilichochanua ukitazame kwa karibu. Ni chembamba, na vijani vyake vidogo vimejipanga pande mbili kama unyoya wa ndege. Maua ni madogo mno, ya kijani hafifu. Yale mengi yaliyosongamana kwenye makwapa ya majani, yenye vikonyo vyembamba, ni maua dume. Ukisogea kuelekea nchani, utakuta machache yaliyokaa yakigusa kitawi, karibu hayana kikonyo kabisa. Hayo ndiyo maua jike. Kwa hiyo dume na jike wote wamo katika mti mmoja.

Mbona basi hauzai? Chavua, yaani unga wa ua dume, ya mti huo inapoangukia ua jike la mti huohuo, ua huitambua kuwa si ngeni, na haliiruhusu kurutubisha yai. Hilo ndilo tunaloliita mti kukataa chavua yake. Si ugonjwa wala si upungufu wa mbolea. Ni njia ya mti kuhakikisha mbegu zake zinapata damu mpya. Kiwango cha kukataa hutofautiana: kuna miamla inayojipa matunda machache, na kuna inayokaa mitupu mwaka hadi mwaka.

Hapa kuna kosa linaloniuma kila nikiliona, kwa sababu aliyelifanya alikuwa na nia njema na ametoa fedha. Amesikia kwamba lazima iwe miti miwili, akaenda kununua miche 2 ya kubebesha, yaani iliyoungwa kwa kipande cha mti mwingine, yote ya NA-7. Lakini miche yote ya NA-7 imetokana na mti mmoja wa awali, kwa kuhamisha vitawi na machipukizi yake kutoka mti hadi mti. Kwa macho ni miti miwili. Kwa uzazi ni mti mmoja uliosimama sehemu mbili, na chavua ya huu itakataliwa na ule. Kinachotakiwa ni aina mbili tofauti zinazochanua wakati mmoja. Ndiyo maana wakulima wa India huchanganya aina shambani badala ya kujaza moja peke yake. Kama jirani yako ana mwamla wa aina nyingine, nyuki na upepo vinaweza kukumalizia kazi.

Miche iliyooteshwa kwa mbegu haina tatizo hilo, maana kila mmoja una urithi wake. Ila itakuchelewesha: wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4, wa mbegu mara nyingi unapita miaka 6, na matunda yake huenda yasifanane na ya mama.

Kuna jambo jingine linalowakatisha watu tamaa kabla ya wakati. Kaskazini mwa India mwamla huchanua Machi na Aprili, lakini baada ya kurutubishwa kitunda hulala. Joto lote la kiangazi kinabaki kidogo kiasi cha kutoonekana, mpaka mvua za masika ya huko zikolee, ndipo kianze kunenepa mwezi wa Agosti, na mavuno huanza Novemba. Anayekagua mti Mei ataapa kwamba hakuna kitu. Mwenye mti Tanga au Mombasa asifuate miezi hiyo, afuate hatua zenyewe: ua, usingizi, mvua, tunda.

Matunzo mengine si magumu. Jua la kutosha, udongo usiotuamisha maji, matandazo shinani, na maji ya mara kwa mara mti ukiwa mchanga. Unapochanua usipige dawa ya wadudu, utaua nyuki unaowategemea. Mti ukipukutisha vitawi vyake vyote usidhani unakufa. Vitachipua vipya, na maua huja navyo. Matawi yake hukatika kirahisi yakielemewa na matunda, kwa hiyo mapema bakiza machache yenye nguvu yaliyotanuka vizuri.

Na kama uwanja wa nyumba yako hautoshi miti miwili, bebesha aina ya pili juu ya mti ulio nao. India hupendelea kubandika jicho, yaani kipande cha gome chenye chipukizi, kwenye tawi ambalo gome lake linabanduka kwa urahisi, kisha hulifunga kwa utepe wa plastiki. Tawi moja la aina ngeni linaweza kuupatia chavua mti mzima. Likishashika, lifunge kitambaa chekundu, kwa sababu atakayekuja kupogoa mwakani ataliona linatofautiana na mengine na huenda likawa la kwanza kukatwa.