Nakshi ya kukereza ni nini, na inafanya kazi gani kwenye tochi ya titani?

Nakshi ya kukereza ni ile inayokatwa na kisu cha mashine huku kipande cha kazi kikizungushwa au kugeuzwa kwa kipimo, mpaka mikato midogo inayofanana ijipange na kutoa mawimbi, magamba ya samaki, maua au msuko wa mkeka. Hapo ndipo inapoachana na nakshi tuliyoizoea. Mchongaji wa milango ya Mji Mkongwe huchora kwanza juu ya ubao, kisha patasi hufuata mstari. Akiona jani moja linahitaji kunenepa kidogo, hulinenepesha. Anayekereza hana mstari wa kufuata. Anachopanga ni mwendo: duara ligawanywe mara ngapi, kisu kizame kina gani, na kila safu isogee kiasi gani kutoka ile iliyotangulia. Ua huzaliwa na hesabu hiyo.

Ulaya kazi hii huitwa giloshe. Abraham-Louis Breguet, mtengeneza saa wa Paris, alianza kuzipamba saa zake kwa nakshi hii miaka ya 1780, na huko London John Jacob Holtzapffel aliuza mashine yake ya kwanza ya kukerezea mwaka 1795. Noti za fedha nazo zina mistari myembamba inayopishana kwa hesabu ya namna hiyohiyo. Lakini kinachonigusa zaidi ni malighafi. Wakerezaji wa nakshi wa Uingereza walipenda khasa pembe za ndovu na mpingo. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe, na mpingo hadi leo hutoka Tanzania Bara na Msumbiji. Kwa hiyo sanaa inayoonekana ya kigeni ilikatwa juu ya vitu vya upande wetu huu wa dunia, na ndovu waliilipia kwa roho zao, jambo lisilofaa kupitwa kimya.

Sasa tuingie kwenye tochi. Chukua bomba la titani, metali nyepesi, lenye kipenyo cha milimita 25 kwa nje. Ndani lazima iingie betri ya 18650, na namba hiyo ndiyo kipimo chake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Tundu likiwa la milimita 19, ukuta unaobaki ni milimita 3. Hiyo ndiyo nafasi yote aliyonayo fundi. Mkato wa milimita 1 unaacha 2, na kwenye ncha, panapokatwa hesi za kufungia kichwa na mkia, ukuta ni mwembamba zaidi. Nakshi haina budi kukoma au kupunguza kina. Ndiyo maana tochi iliyotengenezwa vizuri huwa na ukingo mtupu karibu na maungio. Si uvivu wa fundi.

Tuseme anataka magamba ya samaki. Anagawa duara mara 24, kila mgao digrii 15. Mzingo wa bomba ni karibu milimita 78.5, basi kila gamba lina upana wa milimita 3.3 hivi. Anakata vishimo 24 kwa kisu chenye ncha ya mviringo, anasogeza kisu mbele, na kabla ya kuanza safu ya pili anageuza bomba digrii 7.5, yaani nusu ya mgao. Gamba jipya sasa linakaa katikati ya mawili yaliyotangulia. Nusu hiyo ndiyo siri nzima ya magamba. Bila yake vishimo vinapangana mistari iliyonyooka, na jicho halioni samaki hata kidogo.

Ugumu uko kwenye titani yenyewe. Ni nyepesi kwa nguvu iliyonayo: sentimita moja ya ujazo ina gramu 4.5, wakati chuma cha pua kinakaribia 8. Inayopendwa kwa tochi ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya daraja la 5, yenye alumini asilimia 6 na metali ya vanadi asilimia 4. Tatizo ni joto. Alumini hupitisha joto mara zaidi ya 20 kuliko aloi hii, kwa hiyo kisu kinapokata titani, joto halina pa kukimbilia. Linaganda kwenye makali na kuyaua. Fundi hukata polepole, kwa kisu kikali, akimwaga maji ya kupozea bila ubahili. Tena haachi kisu kisugue bila kukata, maana uso uliosuguliwa hugeuka mgumu, na mkato unaofuata hukataa. Ukiwa umefika gamba la 200, kisu kikivunjika hapo, bomba zima limekwenda.

Kuna hatari pia. Nyuzi nyembamba za titani zinazodondoka zinaweza kushika moto, na moto huo haumwagiwi maji, kwa sababu titani inayowaka huyavunja maji na kutoa hidrojeni, gesi inayowaka. Karibu na mashine inakaa ndoo ya mchanga mkavu kabisa. Mchanga mbichi wa pwani haufai.

Je, hii ni kazi ya mkono? Nasema ndiyo, pale mkono unapozungusha gurudumu la kusogeza kisu na sikio linasikiliza mlio wa mkato. Mashine inashika kipimo, lakini uamuzi wa kusimama, kurudi au kunoa kisu upya ni wa mtu. Kompyuta ikiendesha kila kitu, ufundi umehamia kwenye kuandaa programu. Huo nao ni ufundi wa kuheshimiwa, ila mteja aambiwe ukweli kabla ya kulipa.

Nakshi ikikamilika, rangi hufuata, na haitoki kwenye kopo. Titani ikipashwa moto, au ikitiwa umeme ndani ya maji yenye chumvichumvi, ngozi nyembamba ya oksaidi, yaani titani iliyoungana na oksijeni, juu yake hunenepa. Mwanga unaorudi kutoka juu ya ngozi hiyo na unaorudi kutoka chini yake hukutana, na macho huona dhahabu, zambarau au buluu kulingana na unene. Fundi mjanja hugeuza kwanza pote kuwa buluu, kisha husugua vilele kwa msasa. Mabonde yanabaki buluu na vilele vinarudi fedha, na magamba yanaonekana mara mbili zaidi.

Kwa matumizi ya kwetu, niseme wazi. Waliokuwapo Unguja umeme ulipokatika karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wanaijua thamani ya tochi, na tochi ya plastiki iliwatosha. Ya titani hununuliwa kwa sababu ya ufundi na umri wake. Maji ya bahari hayaili titani, na mikato ya nakshi huizuia isiteleze kwenye mkono uliolowa. Springi na swichi, hata hivyo, huliwa na chumvi ringi ya mpira inayozuia maji ikichakaa. Hesi nazo zipakwe grisi, kwani titani ikisuguana na titani hung'ang'aniana mpaka isifunguke. Ndani, taa ikae juu ya kipande cha shaba nyekundu, la sivyo joto hujifungia kichwani na kuichosha mapema.

Ukitaka kununua, pitisha ukucha juu ya nakshi. Iliyochomwa kwa leza juujuu haina kina cha kukwamisha ukucha. Kisha izungushe tochi polepole na utafute mahali duara linapofunga, pale gamba la mwisho linapokutana na la kwanza. Mgao ukiwa sahihi hutapaona. Ukikosewa hata nusu digrii kila gamba, makosa yote 24 hujikusanya hapo, na gamba moja linatoka jembamba au limepanda juu ya jirani yake.